LVN Texas: kutoka CNA hadi leseni, nianzie wapi?

Binti_Kilifi
Habari zenu wadau. Nipo Texas, upande wa Dallas. Nina green card na cheti cha CNA (msaidizi wa nesi), kazi ni nyumba ya wazee. Elimu ya nyumbani ni KCSE (cheti cha kidato cha nne Kenya). Nataka kusomea LVN, nesi mwenye leseni wa ngazi iliyo chini ya RN (nesi aliyesajiliwa), hii ambayo majimbo mengi wanaiita LPN. Kila tovuti inasema lake, kwa hiyo naomba wanaoifahamu njia hii wanisaidie:

1. Chuo cha umma kina foleni. Kuna cha binafsi wanasema "njoo wiki ijayo uanze", ada dola 28,000. Nitajuaje kama ni chuo cha kweli?
2. KCSE inatosha au nifanye GED (mtihani wa Marekani unaosimama badala ya cheti cha sekondari)?
3. Kipimo cha TB cha mkononi huvimba kila nikichomwa, nadhani ni ile chanjo ya BCG ya utotoni. Kitanizuia?
4. Naweza kusoma huku nafanya kazi saa 40 kwa wiki?

Asanteni.

---

Mzee_wa_Zamu
Dada, hilo la kwanza ndilo kubwa. Ukilikosea, mengine yote ni kazi bure.

Mawakala wa vyuo hupenda kuchanganya vitu viwili: idhini ya bodi na ithibati. Idhini ya bodi ya uuguzi ya jimbo ndiyo inayokufungulia mlango wa NCLEX-PN, mtihani wa leseni ya LVN. Chuo kisipokuwa nayo huna mtihani, na bila mtihani huna leseni, hata cheti kiwe na muhuri wa dhahabu. Ithibati ya uuguzi, yaani kuthibitishwa ubora na mashirika kama ACEN au NLN CNEA, programu nyingi za LVN hazina na bado ni halali. Faida yake utaiona siku ukitaka kupanda hadi RN, maana vyuo vingine havipokei masomo ya programu isiyo nayo. Halafu kuna ithibati ya chuo kizima. Hiyo ndiyo serikali ya shirikisho huitazama kabla ya kutoa msaada wa ada.

Fungua tovuti ya bodi ya uuguzi ya Texas, tafuta orodha ya programu za LVN zilizoidhinishwa, kisha soma hali ya idhini ya kila moja. Ukikuta idhini yenye onyo au yenye masharti, waulize wenyewe ni kwa nini. Baada ya hapo tazama asilimia ya waliofaulu NCLEX mara ya kwanza. Texas inataka angalau 80. Usitazame mwaka mmoja tu: darasa la watu 12 wakianguka watatu, tayari chuo kimeshuka hadi 75, na mwaka unaofuata kinaweza kupanda tena bila kubadilisha chochote.

Halafu uliza swali ambalo ofisi ya usajili hailipendi: kati ya walioanza, wangapi walimaliza kwa wakati? Chuo kinaweza kutangaza asilimia 98 kwa sababu kimewachuja wote wanaoyumba kwa mtihani wa mwisho wa ndani, majina yao hayakufika bodi kabisa, na ada haikurudishwa. Omba sera hiyo kwa maandishi kabla hujasaini.

"Njoo wiki ijayo uanze" inanitia shaka. Chuo makini kina mtihani wa kuingia, kinataka chanjo, alama za vidole na kipimo cha dawa za kulevya, na hayo hayakamiliki kwa siku saba. Mtakumbuka sakata la Januari 2023, FBI walipofichua kwamba vyuo vitatu vya kusini mwa Florida viliuza diploma za uuguzi zaidi ya 7,600, za RN na za LPN, kwa watu ambao hawakusomea. Bodi za majimbo mbalimbali zikaanza kuwafuatilia wenye diploma hizo mmoja mmoja.

Epuka pia LVN ya "mtandaoni mia kwa mia". Nadharia inaweza kuwa mtandaoni, wodi haiwezi. California sheria inataka saa 1,530, na 954 kati ya hizo ni za vitendo. Texas ni 558 darasani na 840 za vitendo. Zigawe kwa mwaka mmoja, utaona swali lako la nne limeshaanza kujijibu.

Dola 28,000 peke yake si dalili ya utapeli, vyuo vya binafsi ndivyo vilivyo. Ila mimi ningesubiri foleni ya chuo cha umma. Ada huko mara nyingi haifiki hata nusu ya hiyo.

---

Nesi_Mkufunzi
Mzee amemaliza upande wa chuo. Mimi nachukua karatasi, maana karatasi huangusha watu kabla masomo hayajawagusa.

KCSE: vyuo vingi huikubali ikitathminiwa na shirika lililo mwanachama wa NACES (umoja wa watathmini wa vyeti vya nje), kama WES au ECE. Kabla hujalipa, kiulize chuo kinataka ripoti ya aina gani, ya cheti kwa jumla au ya somo kwa somo. Bei ni tofauti, na ukileta isiyo sahihi utalipia tena. Kwa wanaosoma uzi huu ambao vyeti vilipotea, mfano ndugu zetu waliotoka Kongo kupitia kambini, GED ndiyo njia yenyewe: masomo manne, alama 145 kwa kila moja, na unaruhusiwa kufanya moja moja kadiri unavyojiandaa. Mtihani haupo kwa Kiswahili.

TB: usikubali tena kuchomwa ile ya mkononi. Omba kipimo cha damu, QuantiFERON au T-SPOT. Kile cha ngozi hutumia mchanganyiko wa protini ambazo nyingine zimo pia ndani ya BCG, kwa hiyo mkono unaweza kuvimba hata kama hujawahi kuambukizwa. Kile cha damu hutumia protini ambazo BCG haina. Kikitoka hasi, umemaliza. Kikitoka chanya bado hujafukuzwa: utapigwa X-ray ya kifua, daktari ataandika kwamba huna TB hai, na utashauriwa kunywa dawa za maambukizi yaliyolala. Chuo kinataka barua hiyo, basi.

Chanjo: homa ya ini B ndiyo inayochelewesha watu. Ratiba ya kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita, na anayekumbuka wiki mbili kabla ya darasa hukwama. Kwa watu wazima ipo ya dozi mbili zinazopishana wiki nne, iulizie. Surua na tetekuwanga, kama kadi ilibaki nyumbani, pima kingamwili kwenye damu. Zikionekana za kutosha, huhitaji kuchanjwa upya.

Kadi ya BLS (huduma ya kwanza ya kuokoa maisha): chukua ya watoa huduma za afya, ya American Heart Association, yenye sehemu ya kukandamiza kifua cha mwanasesere mbele ya mkufunzi. Zile za kubonyeza mtandaoni na kuchapisha cheti nyumbani, hospitali nyingi hazizipokei.

Kipimo cha dawa za kulevya: bangi inahesabika, hata kama uliivutia jimbo linaloruhusu. Na kama kuna kesi yoyote ya zamani, hata ya kuendesha gari ukiwa umelewa, itaje. Kinachowaponza wengi ni kuficha kuliko kosa lenyewe, kwa sababu alama za vidole huleta yote. Texas unaweza kuiomba bodi uamuzi wa mapema kabla hujaanza kulipa ada, ujue kama wataipitisha leseni yako.

Mtihani wa kuingia: vyuo vingi hutumia TEAS au HESI A2. TEAS ni maswali 170 kwa dakika 209, katika kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Sehemu ya Kiingereza ni maswali 37 kwa dakika 37, hakuna muda wa kutafsiri kichwani. Sayansi imejaa mwili wa binadamu, kwa hiyo ukiusoma vizuri sasa umeshalipia nusu ya muhula wa kwanza.

Kuhusu saa 40: kwa programu ya mchana ya miezi 12, nasema hapana. Darasa siku kadhaa, wodini siku nyingine kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa za vitendo hazisamehewi. Ukikosa siku mbili tatu unatakiwa kuzifidia, na nafasi za kufidia ni chache. Watu hubaki na zamu mbili za wikendi. Kuna programu za jioni na wikendi za miezi 18 au zaidi, na hizo ndizo rafiki kwa mwenye kazi. Usitoke zamu ya usiku ukaingia wodini asubuhi kugawa dawa. Vyuo vingine vimepiga marufuku kabisa.

Alama ya kufaulu huwa 75 hadi 78, na somo moja ukianguka unasimama hadi darasa linalofuata lifike hapo. Wengi huruhusu kurudia mara moja tu.

---

Tabata_to_Houston
Fupi tu, kuhusu pesa. Jaza FAFSA (fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada) kabla ya kusaini mkopo wowote chuo watakaokuletea mezani. Mwenye green card, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanastahili. Mwenye F-1 (viza ya mwanafunzi) hapana. Pell Grant (ruzuku ya serikali) kiwango cha juu kwa 2024–25 kilikuwa dola 7,395, na hairudishwi. Mwenye digrii ya kwanza tayari, hata ya nyumbani, Pell hapati.

Nenda pia kituo cha ajira cha eneo lako (American Job Center) uulizie fedha za WIOA (mpango wa serikali wa kulipia mafunzo ya kazi). Omba kabla darasa halijaanza, ukishaanza huwa ni vigumu kukulipia. Na kama nyumba ya wazee unakofanya kazi wanajitolea kulipa ada, soma kipengele cha kuondoka mapema: ni miaka mingapi, na ukiondoka katikati unarudisha zote au sehemu.

---

Binti_Kilifi
Jamani asanteni sana, nimeshaandika yote. Maswali mawili ya nyongeza. Moja, hesabu za dawa: nasikia watu wanafukuzwa kwa hizo. Pili, wifi yangu ana diploma ya uuguzi ya Kenya (KRCHN) na anakuja mwaka huu. Naye aanze LVN tuwe pamoja?

---

Nesi_Mkufunzi
Hesabu kwanza. Vyuo vingi hutaka 90 au hata 100 kwenye mtihani wa dozi kabla hawajakuruhusu kugusa dawa wodini, na majaribio ni mawili au matatu. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kinachoangusha ni kuruka hatua.

Mfano: mtoto ana pauni 33. Agizo ni amoksisilini mg 40 kwa kilo kwa siku, igawanywe mara mbili. Chupa imeandikwa mg 400 kwa mL 5.

Pauni kwanza ziwe kilo: 33 ÷ 2.2 = 15.
Dozi ya siku: 15 × 40 = mg 600.
Dozi moja: 600 ÷ 2 = mg 300.
Ujazo: 300 ÷ 400 × 5 = mL 3.75.

Aliyesahau kubadilisha pauni atapata mL 8.25, zaidi ya mara mbili. Aliyesahau kugawa mara mbili atapata 7.5. Majibu yote mawili huwa yamewekwa pale kwenye chaguo yakikusubiri, kwa hiyo kuliona jibu lako kwenye orodha hakumaanishi kwamba ni sahihi.

Dripu ya kuhesabu matone: mL 1,000 kwa saa 8, mrija wa matone 15 kwa mL. 1,000 × 15 ÷ 480 = 31.25, unaandika 31, kwa sababu tone halikatiki. Ya mashine ni mL kwa saa: 1,000 ÷ 8 = 125. Soma swali linataka ipi. Wengi huangukia hapo, wala si kwenye kugawanya.

Na uandishi: 0.5 lazima iwe na sifuri mbele, na 5 isiandikwe 5.0. Nukta ikififia, ya kwanza inasomeka 5 na ya pili inasomeka 50. Vyuo vingi hukata alama yote kwa hilo, na wana haki.

Majaribio ya ujuzi mbele ya mkufunzi nayo yana mitego yake. Kuchanganya insulini mbili: hewa inaingia kwanza kwenye chupa ya NPH (insulini ya muda wa kati) iliyo na ukungu, kisha hewa kwenye ile safi ya haraka, unavuta safi, halafu ndiyo unavuta ya ukungu. Ukigeuza, NPH inaingia kwenye chupa ya insulini ya haraka na kuiharibu. Mpira wa mkojo kwa mwanamke: ukikosea ukaingia ukeni, uache hapohapo uwe alama, fungua mwingine msafi. Ukiuchomoa na kuutumia uleule umeanguka. Usijaze puto mkojo unapoanza tu kutoka. Sukuma sentimita 2.5 hadi 5 zaidi kwanza, la sivyo puto linavimbia ndani ya njia ya mkojo. Na ukingo wa sentimita 2.5 wa kitambaa tasa (kisicho na vijidudu) hauhesabiki kuwa tasa, kitu kikigusa hapo sema mwenyewe na uanze upya. Wakufunzi wengi humpitisha anayejikamata. Anayeendelea kana kwamba hakuna kilichotokea ndiye anayeanguka.

---

Mzee_wa_Zamu
Wifi: hapana, asianze LVN. KRCHN ni ya kiwango cha RN, akae RN. Apeleke maombi ya tathmini kwa CGFNS, shirika linalopima vyeti vya wauguzi wa nje, ambalo tangu 2025 linaitwa TruMerit, kisha aombe NCLEX-RN kupitia bodi ya jimbo. Rekodi za masomo lazima zitoke chuoni kwake moja kwa moja na uthibitisho wa leseni utoke kwa Nursing Council of Kenya. Nakala aliyobeba kwenye begi haikubaliki. Hapo ndipo miezi hupotea, kwa hiyo afuatilie akiwa bado Kenya ambako anaweza kwenda kusimama ofisini. Mtihani wa Kiingereza pia autazame kabla hajasafiri. Akija na saa pungufu, kwa mfano za afya ya akili au watoto, ataambiwa asome hilo tu, na si mwaka mzima.

Mwenye cheti cha chini ya hapo, yaani nesi aliyesajiliwa kwa ngazi ya cheti (enrolled), Kenya au Tanzania, ndiye ambaye tathmini inaweza kumweka upande wa LPN.

---

Bi_Mwanaisha_RN
Naongeza NCLEX-PN kwa kuwa hakuna aliyeigusa.

Ukimaliza, chuo hutuma jina lako bodi, unaomba leseni bodini, unajiandikisha Pearson VUE, wanaoendesha mtihani, kwa dola 200. Texas wana mtihani mwingine mdogo wa sheria za uuguzi za jimbo, usiusahau, bila huo leseni haitoki. Bodi ikikukubali unapata ATT (ruhusa ya kufanya mtihani) kwa barua pepe, ina tarehe ya mwisho na haiongezwi.

Mtihani ni wa kompyuta inayojirekebisha kulingana na majibu yako: maswali 85 hadi 150, saa tano. Kumi na tano kati ya hayo hayahesabiwi ila hutajua ni yapi. Tangu Aprili 2023 kuna kesi tatu za mgonjwa, kila moja maswali sita, na unaweza kupata sehemu ya alama. Kompyuta kuzima kwenye 85 hakumaanishi umefaulu wala umeanguka. Inamaanisha imeshakuwa na uhakika upande mmoja. Ukianguka, unasubiri siku 45.

Kinachowaangusha CNA wazuri ni nafasi wanayojibia. Swali linauliza nesi wa LVN afanye nini, wao wanajibu kama CNA: "mjulishe nesi". Wewe ndiye nesi sasa. Mgonjwa anahema kwa shida, mwinue kitandani, pima oksijeni, kisha ndiyo umwite RN. Upande wa pili kuna wanaojibu kama RN. Tathmini kamili ya kwanza ya mgonjwa mpya, mpango wa huduma na somo la kwanza la mgonjwa ni vya RN. LVN hufanya tathmini iliyolenga tatizo, hukusanya taarifa, hurudia na kuimarisha somo ambalo RN alianza. Ukigawa kazi, mgonjwa aliye imara na anayetabirika ndiye wako, na kumwogesha au kupima presha ya aliye imara mpe CNA. Kamwe usimpe CNA kutathmini. Eneo la uratibu wa huduma peke yake ni asilimia 18 hadi 24 ya mtihani, kubwa kuliko dawa, lakini watu husoma dawa tu.

Mambo ya dawa yanayorudi: dijoksini, sikiliza moyo kwa dakika nzima, chini ya 60 kwa mtu mzima usitoe, toa taarifa. Potasiamu haisukumwi mshipani kwa sindano hata siku moja. Heparini chini ya ngozi haivutwi nyuma na haisuguliwi.

Leseni ya Texas inaweza kuwa ya majimbo mengi, kwa sababu Texas imo kwenye mkataba wa leseni za uuguzi, na LVN wamo. California, New York na Minnesota hawamo, mwenye mpango wa kuhamia kwa ndugu huko ajue ataomba upya. Mshahara wa kati kitaifa Mei 2024 ulikuwa dola 62,340 kwa mwaka, na kazi nyingi zaidi ni nyumba za wazee na sehemu za uangalizi, hospitali ni chache kuliko watu wanavyodhani.

La mwisho, Binti, na hili linatuhusu sisi wenye majina matatu. Jina la kwanza na la mwisho kwenye ATT lazima liwe sawa kabisa na lile la kitambulisho utakachobeba. Green card ina jina la baba mwishoni, leseni ya udereva ina la babu, chuo kimekuandika la ndoa: ukifika mlangoni hivyo utarudishwa na dola 200 zimekwenda. Chagua mpangilio mmoja leo, urekebishe kwenye leseni ya udereva na kwenye kumbukumbu za chuo siku ya kujiandikisha, kabla bodi haijalipokea jina lako.

---

Binti_Kilifi
Leseni yangu ya udereva ina la babu, green card la baba. Jumatatu naanzia DPS (ofisi ya leseni za udereva).